Swali la Mejumaa

Mama Akoth alinipigia simu Jumanne mchana, nikiwa uani naanika nguo. Nilipoona jina lake nilijua kuna jambo, maana yeye si mtu wa kupiga simu. Miaka yote hii salamu zake zilinifikia kupitia kwa mwanawe. "Mejumaa, mwanangu," aliniambia, "mwenzio ametuacha. Ni figo. Tumeshamzika." Nikasema pole, nikarudia pole, hata kumuamkia nikasahau. Yeye mfiwa ndiye aliyenituliza mimi. Alinieleza hospitali ilivyokuwa mbali, na mvua ilivyoharibu barabara, na jinsi Akoth siku ya mwisho alivyotamani chai ya tangawizi akaishia kuinusa tu. Mwaka wetu, mwaka wa mimi na Akoth, hakuutaja hata kwa neno moja. Nami sikuutaja. Tulipomaliza kuzungumza nilirudi kwenye kamba nikaanika shuka ile ile mara tatu, kisha nikakaa chini kwenye ngazi ya jikoni nikalia mpaka alasiri ilipoadhiniwa.

Si zamani sana, lakini nimefika umri ambao watoto wa Timbwani, mtaa wetu huku Likoni, wananiamkia shikamoo bila kusukumwa na mama zao, na hilo peke yake linatosha kumzeesha mtu. Mwaka ninaousema nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, na Akoth vile vile. Tulizaliwa mwaka mmoja, mtaa mmoja. Mimi nyumba inayotazamana na msikiti, yeye chumba cha mwisho katika nyumba ya vyumba sita nyuma ya kisima. Ulikuwa mwaka wa korona. Kafyu ilikuwa inaanza giza likiingia tu, watu walikuwa wanapigwa virungu kwenye foleni ya feri kwa kosa la kuchelewa kutoka kazini, hakuna aliyeruhusiwa kutoka Mombasa wala kuingia, na kila mtu alinuka sabuni. Kazi zilikatika siku moja. Mama Akoth alikuwa anafua mashuka kwenye hoteli moja ya pwani ya kusini. Wageni walipoondoka naye akaambiwa apumzike nyumbani, atapigiwa. Mpaka leo hajapigiwa.

Ndipo likaja shirika moja, jina lake halina faida hapa, likitaka kujua kama balaa lile liliwaangukia vijana wote sawasawa au kama kabila la mtu lilimwongezea mzigo. Nani aliandikwa kupata chakula cha msaada na nani alirukwa. Nani alisimamishwa kibarua kwanza. Nani alipigwa kwenye foleni na nani aliambiwa pita. Badala ya kutuletea wataalamu, likasema vijana wawaulize vijana wenzao. Tulichaguliwa kumi. Tukagawanywa wawili wawili, mmoja mwenyeji na mmoja mtu wa bara, ili kila mlango uwe na sura inayoujua. Mimi na Akoth hatukusubiri kupangwa. Tulisimama pamoja tangu mwanzo, na aliyeandika majina akatuandika hivyo hivyo. Walitupa fulana za kijani zilizoandikwa kifuani: Kuuliza si ujinga. Nilikuwa naipiga pasi fulana ile kila jioni, Mungu anisamehe.

Mafunzo yalifanyika kwenye darasa la chekechea, maana shule zilikuwa zimefungwa. Tulikaa mmoja mmoja kwenye viti vya watoto, magoti yametufika kidevuni, barakoa zimelowa jasho, tukimsikiliza Daktari aliyekuwa Nairobi na sauti yake ikitoka kwenye simu iliyoegemezwa kwenye kopo la chaki. Alikuwa daktari wa vitabu, si wa sindano, mama mpole mwenye Kiswahili cha darasani. Swali la kwanza kwenye fomu aliyotutumia lilikuwa: Kabila lako ni lipi? Darasa zima likaguna. Mmoja akasema wazee watatufukuza. Mwingine akasema hilo ni swali la polisi. Ubishi ukawa mrefu, na mimi ulimi wangu haujawahi kukaa kimya penye ubishi, nikasimama nikasema, "Daktari, sisi huku hatumuulizi mtu kabila. Tunamuuliza, kwenu wapi? Ukimuuliza mtu kwenu wapi, atakwambia kabila lake, na ukoo wake, na shamba la babu yake, na atakupa chai juu."

Walinipigia makofi. Daktari akasema hii ndiyo faida ya kuwaachia vijana utafiti wao, kwamba swali limetoka kwa watu wenyewe, na akaliandika papo hapo kwenye fomu. Tangu siku ile likaitwa swali la Mejumaa. Na kusema kweli sikuwa nimedanganya. Kwetu sisi watu wa kusini ya feri, kumuuliza mtu kwenu wapi ni kama kumvutia kiti. Akitaja Ng'ombeni, utamtajia shangazi yako aliyeolewa Ng'ombeni. Akitaja Tiwi, utamuuliza habari za fulani wa Tiwi. Na kabla birika halijachemka mmeshakuwa ndugu. Sijawahi kuulizwa swali hilo nikahisi vibaya, kwa hiyo sikujua kwamba mtu anaweza kuhisi vibaya. Akoth hakupiga makofi. Alikuwa anakwangua rangi ya kiti kwa ukucha. Tulipotoka nilimuuliza, "Swali langu halikukupendeza?" Akanijibu, "Ni swali zuri. Nani atakuwa analiuliza?" Nikamwambia nitaliuliza mimi, kwa kuwa ni langu, naye ataandika. Akasema haya.

Tukaanza kupita nyumba kwa nyumba, tunabisha kwa kiwiko, tunasimama mbali na kizingiti. Kwenye nyumba za watu wetu hatukumaliza hata nyumba tatu kwa asubuhi. Namkumbuka msichana mmoja aliyekuwa anasuka ukili barazani. Nilimuuliza kwenu wapi, akaanza Matuga kwa babake, akapitia Msambweni kwa mamake, bibi yake akaingilia kutoka ndani kumsahihisha, mjomba akatoka na kikoi kumsahihisha bibi, na tukaondoka pale tumekula mahamri na mbaazi za nazi na kuahidiwa harusi. Fomu ilijaa mpaka pembeni. Kisha tukavuka kwenye zile nyumba za kupanga, wanakoishi vijana wa bara wanaofanya kazi bandarini na viwandani, na pale majibu yakawa mafupi. Kwenu wapi? "Hapa." Kwenu hasa? "Hapa hapa." Kijana mmoja aliyekuwa na lafudhi nzito ya Ukambani alinitazama, akatazama fulana yangu, akasema, "Mimi ni wa hapa, dada, andika hapa," akarudi ndani akafunga komeo. Nilifurahi. Ndivyo nilivyokuwa na akili. Nilimwambia Akoth tukiwa njiani, "Umeona? Tunaambiwa watu wa bara hawajihisi wenyeji, kumbe wanajihisi." Akoth akasema, "Wewe uliza, mimi niandike."

Mambo ya chakula cha msaada hayakuwa siri kwa mtu yeyote. Kulikuwa na kamati ya wazee iliyokuwa inaandika majina ya watakaopewa unga, mchele, mafuta na maharagwe ya shirika lile lile. Kamati yenyewe iliongozwa na Maalim Bakari, aliyenisomesha mimi na nusu ya mtaa Kurani, mtu mtaratibu, hana ukali. Orodha ya kwanza Mama Akoth hakuwemo. Orodha ya pili hakuwemo. Alikwenda kuuliza, akaambiwa kwa upole kabisa, "Mama, sisi tunaanza na wenyeji. Nyinyi mna kwenu, kwenu watawakumbuka." Alikuwa anaishi Timbwani tangu kabla mimi sijazaliwa. Ikawa inasubiriwa orodha ya tatu, na shirika lilikuwa limesema wazi kwamba utafiti wetu ukionyesha kuna walioachwa, halitatoa chakula tena mpaka orodha iandikwe upya. Mama Akoth alimwambia mwanawe, nami nikiwepo, "Nikirukwa tena, njia zikifunguliwa tunaondoka. Njaa naiweza. Kuitwa mgeni kila mwezi siiwezi." Akoth hakuwahi kukanyaga huko kwao. Hakuwa na picha yake hata moja. Aliniambia wakiondoka itakuwa kama kutumwa dukani kwa lugha asiyoijua.

Sharti la mwisho la kazi lilikuwa kila jozi wahojiane wenyewe, kwa kuwa nasi tulikuwa vijana wa pale pale. Tulifanyia kwa kina Akoth, saa saba mchana. Chumba kile ninakijua kuliko chumba changu: pazia la maua linalotenga kitanda, kabati la vyombo lenye kioo kimoja kilichopasuka, redio iliyofunikwa kitambaa, na jiko la makaa mlangoni likipulizwa na upepo wa ukumbini. Mama Akoth alikuwa amepika omena, wale dagaa wa ziwa la kwao, kwa tui la nazi. Alikuwa anacheka mwenyewe kwa kupika vile, akisema watu wa kwao wakimwona anatia nazi kwenye omena watamfanyia maombi. Tulikula kwenye sinia moja, korona au si korona. Baada ya kunawa nikatoa fomu, nikakaza sauti ya kazi kwa utani, nikamuuliza Akoth, "Haya dada, kwenu wapi?"

Mama Akoth alikuwa anakusanya vyombo. Aliviweka chini. "Mejumaa," akasema, "hilo swali nani amewapa?"

"Mimi mwenyewe, mama," nikajibu, na nilijibu kwa fahari.

"Wewe." Akakaa kwenye ukingo wa kitanda. "Na mmepita nalo nyumba zote hizi?"

"Zote, mama."

Akamtazama Akoth, na Akoth alikuwa anafinyanga tonge moja la ugali lililobaki, halili. Kisha akanitazama mimi. "Basi ngoja nikwambie, maana naona nyumbani kwenu hawakukwambia. Mwaka ule wa vurugu za kufukuza watu wa bara nyinyi wawili mlikuwa hamjajua hata kutambaa. Walikuja kabla ya magharibi, tunakula. Wakapiga hodi. Hodi ya adabu, Mejumaa, wala hawakupiga teke mlango. Mimi ndiye niliyesema karibuni. Mmoja akamuuliza baba Akoth, 'Ndugu yangu, kwenu wapi?' Na yule mume wangu alikuwa anapenda mazungumzo, akafurahi kuulizwa. Akawatajia kijiji, akawatajia mto, akawatajia na jina la babu yake. Wakamsikiliza mpaka akamaliza. Ndipo wakamwambia, 'Haya, rudi kwenu.' Na hawakumpa nafasi ya kurudi."

Nje mtu alikuwa anateka maji, tulisikia ndoo. Nakumbuka kwamba nilikuwa bado nimeshika kalamu. "Tangu hapo," Mama Akoth akaendelea, na sauti yake haikupanda wala kushuka, "mtu akiniuliza, kwetu ni hapa. Na kila mtu wa bara aliyebaki Likoni alimfundisha mwanawe hivyo. Na aliyekuja juzi kufanya kazi bandarini, mwenye nyumba wake alimnong'oneza: ukiulizwa, sema hapa. Si kwamba wamejihisi wenyeji, mwanangu. Wameogopa." Kisha, kwa kuwa ni mtu mwema, akaniuliza kama nitakunywa chai. Wahenga walisema mwenye kovu usidhani kapoa. Mimi nilikuwa nimepita nalo swali langu kovu kwa kovu, nyumba kwa nyumba, na fulana nimeipiga pasi.

Tulitoka tukasimama kisimani. Nilimuuliza Akoth kwa nini hakuniambia. Nilimuuliza kwa ukali, kama kwamba yeye ndiye mkosa. Akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Nilidhani unajua," akasema. "Nilidhani kila mtu anajua. Nilifikiri umejua na umeona si kitu." Hakuna maneno niliyowahi kuambiwa yakanikata vile. Miezi miwili alitembea kando yangu, akiandika hapa, hapa, hapa kwa mwandiko wake mzuri, akiamini kwamba rafiki yake anajua na hajali, na bado kila asubuhi alinipitia nyumbani. Nikamwambia, "Sikujua, wallahi sikujua." Akasema, "Basi Jumamosi kwenye mkutano waambie. Waambie ile 'hapa' waliyojibu si hapa. Ukisema wewe watakusikiliza, wewe ni mtoto wao. Nikisema mimi, itakuwa ni mtu wa bara analalamika tena." Nikamwapia. Nilimshika mkono, jambo lililokuwa limekatazwa mwaka ule, nikamwapia kwamba nitasema.

Nilirudi nyumbani nikamkuta bibi anachagua mchele kwenye ungo. Nikakaa naye, nikaingiza vidole vyangu kwenye ule mchele, na baada ya muda nikamuuliza mwaka ule wa vurugu sisi tulikuwa wapi. Vidole vyake havikusimama. "Tulikuwa Waa, kwa shangazi yako. Wewe nilikubeba mgongoni."

"Wote, bibi?"

"Wanawake na watoto. Babu yako alibaki kulinda nyumba."

"Kuilinda na nani?"

Bibi akatoa kijiwe, akakitupa uani. "Mejumaa," akasema, "hebu niletee maji ya kunywa." Nikaenda kumletea maji. Babu alikuwa amekufa nikiwa darasa la pili. Mtu wa kunipakata na kuninunulia mabuyu. Nilijaza kikombe, nikasimama nacho kwenye mtungi muda mrefu, na niliporudi sikuuliza tena. Kuuliza si ujinga, ni kweli. Lakini kuna maswali unayoyaogopa kwa sababu unajua yana jibu.

Jumamosi tukakutana kwenye darasa lile lile la chekechea. Wazee wa kamati walikalia viti vya watoto kama sisi, na ilikuwa vigumu kuwaogopa watu waliokaa vile, lakini niliwaogopa. Ukutani tulibandika karatasi ya manila yenye nguzo tatu tulizochora kwa kalamu za rangi: vijana wa hapa, vijana wa sehemu nyingine za Pwani, vijana wa bara. Nguzo ya kwanza ilifika juu kabisa. Ya tatu ilikuwa fupi kiasi cha kufichwa na utepe wa gundi. Na kwa kuwa karibu wote walikuwa wa hapa, wenye chakula na wasio na chakula wote walikuwa wa hapa, hapakuonekana aliyeachwa kwa ajili ya kabila lake. Maalim Bakari aliitazama karatasi, akatikisa kichwa kwa furaha isiyo na hila. "Alhamdulillahi," akasema. "Watoto wetu wenyewe wameuliza, na wenyewe wamepata jibu. Sisi hapa ni wamoja. Maneno ya ubaguzi ni ya watu wanaotaka kutuchonganisha." Daktari, kutoka kwenye kopo la chaki, akauliza kama kuna mwenye la kuongeza kabla hatujafunga.

Akoth alikuwa safu ya nyuma. Sikuhitaji kugeuka ili nijue ananitazama. Nilisimama. Nataka hilo lijulikane, kwamba nilisimama, na maneno nilikuwa nimeyapanga tangu alfajiri. Maalim akanigeukia, na juu ya barakoa yake nikaona macho yanacheka, yale yale yaliyokuwa yakicheka nilipokosea herufi utotoni. Alikuwa rafiki wa babu. Walikuwa wakikaa pamoja kila Ijumaa. Nikawaza kwamba ili niseme ile 'hapa' yao si hapa, lazima niseme kwa nini, na nikisema kwa nini, mtu atauliza ni nani waliopita na hodi ile, na wazee waliomo humu ndani baadhi yao walibaki mwaka ule kulinda nyumba. Nikafungua kinywa. Nikasema, "Nilitaka tu kuwashukuru wazee wetu kwa kutupokea vizuri." Wakanipigia makofi kwa mara ya pili.

Nimejitafutia udhuru kwa miaka. Nimejiambia nilikuwa mdogo, kwamba adabu niliyolelewa nayo haikuniruhusu, kwamba hata ningesema wasingebadilisha kitu. Yote hayo yana ukweli kidogo na hayanisaidii. Nilikuwa na ulimi mrefu kuliko wasichana wote wa Timbwani, na siku moja tu niliyotakiwa kuutumia niliukunja. Mkutano ulipokwisha nilimkuta Akoth nje amenunua viazi karai, amenigawia nusu kwenye gazeti. Tukala tumesimama. Aliniuliza, "Ulishikwa na kikohozi?" Nikasema hapana. Akatikisa kichwa taratibu, akaniambia nifute pilipili kwenye kidevu. Hakunigombeza siku ile wala siku nyingine. Laiti angenigombeza.

Orodha ya tatu ikasomwa Jumatatu, na chakula kikagawiwa siku ile ile. Mama Akoth hakuwemo. Wiki chache baadaye njia zikafunguliwa, treni ikaanza tena, na Mama Akoth akawa na tikiti mbili. Aliuza kabati, akatoa redio sadaka kwa mjane wa chumba cha pili, akafunga vilivyobaki katika mizigo mitatu. Niliwasindikiza mpaka stesheni ya Miritini. Pale getini mizigo hupangwa chini mstari mmoja, mbwa wananusa, askari wanapekua. Askari mmoja akatoa kwenye mzigo wa Mama Akoth mbuzi ya kukunia nazi, ya mbao, na meno yake ya chuma yamefungwa kitambaa. Akaiinua juu, akacheka, lafudhi yake ya Kipwani kama yetu. "Mama, huko unakokwenda hakuna minazi."

"Najua," akajibu Mama Akoth.

"Huyu ni mtu wa Pwani wa kweli," askari akamwambia mwenzake. "Hawezi kuiacha mbuzi yake. Mpitishe." Mama Akoth akasema asante mwanangu, akafunga mzigo wake. Akoth alinikumbatia, barakoa yake ikasogea, akairekebisha. Aliniambia nitunze koo langu. Nikawatazama wakipanda ngazi za umeme, yeye mbele, mamake nyuma ameishika ile reli ya pembeni kwa mikono miwili kwa kuogopa, kisha wakaingia ndani na sikuwaona tena.

Mwisho wa mwaka kijitabu cha utafiti wetu kikaja kimechapishwa vizuri, karatasi inang'aa. Kulikuwa na picha yetu sote kumi na fulana za kijani. Kulikuwa na ukurasa mzima wa kusifu swali lililobuniwa na vijana wenyewe. Nilikisoma chote nikiwa nimekaa kwenye ngazi ya jikoni, na siku ile ndipo nilipompigia Daktari, nikamweleza kila kitu: hodi, na kijiji, na mto, na maana ya hapa. Akasema ameumia sana kusikia, na kwamba kijitabu kimeshagawiwa, na akaniuliza kama ningependa kuandika barua waihifadhi. Niliiandika. Sijui iko wapi.

Siku hiyo hiyo, jua lingali kali, nikampigia Akoth. Mvua ilikuwa inanyesha kwao, nilisikia inapiga mabati. Aliniambia watoto wa huko wanamwita Mswahili na wanamcheka anavyoongea Kijaluo, na kwamba shemeji za mamake wamewapa chumba kimoja nyuma ya nyumba lakini sahani zao zinatengwa. Alisema vile kwa kucheka. Nikamwambia, "Akoth, nimewaambia. Nimemwambia Daktari, na nimeandika."

"Umewaambia," akasema. "Vizuri, Meju."

"Kwa hiyo njoo. Mje wote. Tutakaa kwetu, chumba kipo, bibi hatakataa."

"Sisi watu wa bara tena?" akanitania.

Nilikuwa nalia, na nilitaka ajue kwamba mimi namhesabu mtu wa Timbwani kuliko mtu yeyote aliyezaliwa Timbwani, na nilitaka kulisema hilo kwa neno kubwa kuliko yote niliyokuwa nayo. "Wewe si mtu wa bara," nikamwambia. "Acha hao watu. Rudi kwenu."

Nilisikia nilichokisema baada ya kukisema. Upande wa pili mvua iliendelea. Kisha nikasikia sauti ya Mama Akoth kwa mbali, akiuliza ni nani huyo kwenye simu, anasemaje.

"Ni Mejumaa, mama," Akoth akamjibu. "Anakusalimia."